Maswali Yenu: Vilima, Baridi na Pumzi

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mbeya, Iringa na Njombe, na karibu zote zinalalamikia jambo moja kwa sura tofauti: ratiba ya mazoezi iliyopangwa kwa mtu wa tambarare haimkai mtu wa milimani. Tumejibu kila barua kwa uzito wake. Nyingine zimekula nafasi, nyingine zimepata mistari michache.

Nikiwa Dar es Salaam nilikuwa nakimbia kilomita 8 kwa dakika 50. Nimehamishiwa Uyole, wiki ya pili sasa, na kilomita 2 tu nahema kama nimefukuzwa. Je, moyo wangu una shida?
*Mtumishi, Uyole, Mbeya*

Kabla ya moyo, jiulize kama una homa, kichwa kinauma au viungo vimelegea. Umetoka Dar wiki mbili zilizopita, na malaria uliyoambukizwa huko inaweza kujitokeza ukiwa tayari umevaa sweta la Mbeya. Kapime. Ikiwa huna malaria, basi kilichobadilika ni hewa na ardhi.

Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya oksijeni hewani ni ileile asilimia 21 kama ya Dar, ila mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaleta oksijeni kidogo kuliko uliyoizoea. Mwili hulipa deni hilo kwa hatua. Siku ya kwanza tu unaanza kuhema haraka na mapigo ya moyo yanapanda. Kutengeneza chembe nyekundu za damu za kutosha ni kazi ya wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wiki ya pili wanajilazimisha mwendo wa Dar, wanachoka, wanaacha.

Dakika 50 kwa kilomita 8 ni dakika 6 na sekunde 15 kwa kilomita moja. Kwa wiki tatu za mwanzo nenda dakika 7 na nusu, tena kwenye sehemu tambarare, na usizidishe kilomita 4. Kwenye mlima usitazame saa kabisa. Kipimo chako kiwe mdomo: uweze kutamka sentensi nzima, tuseme kumwagiza mtu sokoni vitunguu, nyanya na mafuta, bila kukata pumzi katikati. Ukishindwa, tembea dakika moja, kisha endelea. Unapopanda, fupisha hatua na uache mwendo upungue wenyewe. Unachokilinda ni kiasi cha nguvu unayotumia. Mwendo utarudi baadaye. Kilomita 8 zirudie wiki ya tano.

Jingine ni chakula. Damu mpya hujengwa kwa madini ya chuma, na chuma kilichomo kwenye maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa shida. Chai inayonywewa pamoja na mlo inakizuia zaidi. Na huku kwetu, katikati ya mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi, mtu anasukumia maharage kwa kikombe cha chai ya rangi na kuona ni jambo la kawaida. Chai ikae mbali na mlo kwa saa moja hivi. Mezani weka chungwa, au kamulia limao kwenye mboga, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

Maumivu ya kifua yanayokwenda begani au tayani, kuzimia, au kuhema ukiwa umekaa tu, hayo hayangoji wiki ya tano. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Natembea kila jioni kutoka mjini hadi Ipogolo na kurudi. Kupanda hakunisumbui, lakini magoti yananiuma nikishuka. Nimeambiwa niache kabisa.
*Mwalimu, Iringa*

Usiache, mwalimu. Geuza safari.

Unapopanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja na kukusukuma. Unaposhuka, misuli hiyohiyo inafanya kazi ya breki: inabeba uzito wako huku ikirefuka, na mfupa wa goti unagandamizwa kwa nguvu kubwa kuliko kwenye tambarare. Pumzi haikuonyi, maana kushuka hakuhemeshi, kwa hiyo mtu anashuka kwa hatua ndefu, kisigino kinagonga lami goti likiwa limenyooka. Kesho yake, au keshokutwa, paja linauma na goti linalalamika.

Kwa wiki nne shuka Ipogolo kwa daladala, panda kwa miguu. Utakuwa umepata sehemu yenye faida kubwa kwa moyo na umeiepuka ile inayokuumiza. Wakati huohuo imarisha hiyo breki nyumbani. Simama juu ya ngazi au tofali imara lenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, mkono mmoja ukigusa ukuta. Mguu mmoja ubaki juu ya tofali, mwingine uushushe polepole, ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka kisigino kiguse chini kidogo tu, kisha rudi juu. Mara 10 kila mguu, mizunguko 3, siku 3 kwa wiki. Simama mbele ya kioo au umwombe mtu akutazame: goti la mguu wa juu lielekee kidole cha pili cha mguu. Likianguka kwa ndani, tofali ni refu mno kwako, tafuta fupi.

Maumivu yapime kwa alama 10. Yakiwa 3 kushuka chini na yakatoweka kufikia asubuhi, endelea. Yakizidi hapo, punguza mizunguko. Wiki ya tano anza kushuka nusu ya njia kwa miguu, kwa hatua fupi za harakaharaka, magoti yakiwa yamekunjika kidogo.

Goti lililovimba, linalokwama katikati ya kukunjuka au linaloachia ghafla ukiwa umesimama, hilo lionwe na daktari kwanza.

Raba za mtumba za Mwanjelwa zinafaa kukimbilia, au ni kujitafutia maumivu?
*Kijana, Ilomba, Mbeya*

Zinafaa ukijua kuchagua. Wauzaji husugua soli ya chini ikang'aa, na mnunuzi anaangalia hapohapo. Kinachokulinda wewe ni soli ya kati, ile ya povu, na kuchakaa kwake hakufichiki kwa brashi.

Ibonyeze kwa kidole gumba ubavuni, upande wa kisigino. Povu zima hubonyea kidogo na kurudi. Povu lililokufa ni gumu kama ubao, au limejaa mikunjo midogo ya mlalo kama paji la uso la mzee. Kisha ziweke raba zote mbili mezani uzitazame kwa nyuma: zikilalia upande mmoja, mwenye nazo wa kwanza amezikunja kwa mguu wake na wewe utaurithi mwendo wake. Ishike ncha na kisigino uikunje. Ikunjike pale vidole vinapokunjika. Ikikunjika katikati, weka chini. Mwisho vuta kidogo soli mbele ya vidole. Gundi iliyozeeka inaachia kwa sauti ndogo ya kubanduka. Chini ya ulimi wa raba nyingi kuna kibandiko chenye tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa zaidi ya miaka 5 gundi na povu huwa vimechoka hata kama haikuvaliwa.

Nenda sokoni jioni, miguu ikiwa imetanuka, na uvae soksi utakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, hasa kwako wewe wa vilima, maana ukishuka mguu unateleza mbele na kucha hugeuka nyeusi. Raba mpya hudumu kilomita 500 hadi 800. Ya mtumba ihesabu imeshakula nusu yake: kwa kilomita 15 kwa wiki, usitegemee zaidi ya miezi 4 hadi 6.

Nyumbani toa soli ya ndani, fua kwa sabuni, kausha vizuri kabla ya kuvaa. Fangasi wa miguu hurithiwa pia.

Dar tulikuwa tunaanza mchakamchaka saa 11 na nusu alfajiri. Hapa mwezi wa 6 muda huo ni usiku wa manane, na baridi inanibana kifua, nakohoa kila nikimaliza.
*Msomaji, Sae, Mbeya*

Giza hujalikosea. Mbeya na Dar zinatumia majira ya saa yaleyale, lakini Mbeya iko magharibi zaidi, kwa hiyo jua linachelewa. Mwezi wa 6 linachomoza karibu saa 1 kamili asubuhi, dakika 25 hivi baada ya Dar. Ratiba ya Dar ukiileta Sae unakimbia gizani, pembeni ya barabara ya malori ya Tunduma. Kama kazi inakulazimisha muda huo, kaa upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja, vaa kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda, na sikio moja liwe wazi. Vinginevyo hamia jioni, saa 10 na nusu hadi saa 12. Hakuna baraka maalumu ya alfajiri kwenye misuli.

Kikohozi ni suala jingine. Ukihema kwa nguvu unavuta kwa mdomo, na hewa baridi na kavu inafika kifuani kabla pua haijaipasha moto. Njia za hewa zinakauka na kubana. Dalili yake ni hiyo uliyoitaja: kukohoa, kubanwa au sauti ya filimbi kifuani, inayoanza ukiwa mbioni au dakika chache baada ya kusimama na kuisha yenyewe ndani ya saa moja hivi.

Pasha mwili dakika 15 badala ya 5: tembea, kisha kimbia dakika moja na kutembea dakika moja, mara tano au sita. Funika mdomo na pua kwa skafu nyepesi ili uvute unyevu wa pumzi yako mwenyewe. Ukimaliza usisimame ghafla, tembea dakika 10. Ikiendelea wiki mbili, au ukiamka usiku kwa kukohoa, daktari apime pumu. Aliyekwisha kuandikiwa dawa ya kuvuta huambiwa aghalabu aitumie kama dakika 15 kabla ya mazoezi. Usiazime pampu ya jirani. Na kikohozi kinachofika wiki mbili hata siku usizokimbia, chenye homa za usiku au kupungua uzito, kinapimwa kifua kikuu.

Nina miaka 61, natumia dawa za presha. Vijana wangu wananiambia nikae nisijichoshe, nesi anasema nitembee. Nimsikilize nani?
*Mzee, Njombe*

Shikamoo mzee wetu. Msikilize nesi.

Kutembea mara kwa mara hushusha ile namba ya juu ya presha kwa takriban 5 hadi 8 kwa wenye presha ya kupanda. Si badala ya vidonge, ni nyongeza juu yake. Kabla ya kuanza pima: ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo si ya mazoezi, ni ya kwenda kliniki.

Anza na dakika 10, mara tatu kwa siku, mahali pa tambarare. Kila wiki ongeza dakika 5 kwenye moja ya safari hizo, mpaka ifike dakika 30 za mfululizo, siku 5. Hizo ni dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima. Njombe mwezi wa 6 na wa 7 usitoke alfajiri. Baridi hubana mishipa na kupandisha presha. Saa 4 asubuhi, jua likiwa limekolea, ni bora zaidi. Uliza pia vidonge vyako ni vya aina gani. Vile vya jamii ya atenolol hupunguza mapigo ya moyo, hivyo kuhesabu mapigo kutakudanganya. Tumia kipimo cha kuongea tulichomweleza mtumishi wa Uyole. Vile vya kuongeza mkojo hukausha mwili, kunywa maji kabla ya kutoka hata kama baridi imekuondolea kiu.

Usibane pumzi unapoinua gunia au kusukuma gogo. Toa pumzi wakati wa kusukuma. Na ukirudi, usikae papo hapo. Presha hushuka baada ya mazoezi, na mtu anayesimama ghafla kutoka kitini anaweza kuona kizunguzungu.

Kulima kwa jembe ni mazoezi au si mazoezi? Mume wangu anasema hapana.
*Mama, Mufindi*

Mwambie baba ashike jembe dakika 30 halafu aseme tena. Ni mazoezi, na kazi ya shamba huhesabiwa ndani ya zile dakika 150. Ila ina mapungufu mawili. Kwanza, ni ya msimu: kuanzia mvua za mwezi wa 11 unalima na kupalilia, kisha baada ya mavuno mwili unalala miezi kadhaa. Miezi hiyo tembea. Pili, inakukunja upande mmoja tu, mbele. Badili mkono wa mbele wa mpini kila baada ya dakika 20, na kila ukifika mwisho wa tuta simama wima, viganja kiunoni, rudisha mabega nyuma, upinde mgongo kidogo kwa nyuma mara 5. Jioni lala kifudifudi, inua kifua ukiegemea viwiko, kaa hivyo dakika 2.

Naamka saa 12 kwa ajili ya mazoezi, nashika simu nisome habari kidogo, nashtuka saa 1 na nusu. Halafu juzi nimesoma kwamba maji ya moto na limao yanayeyusha mafuta ya tumbo. Ni kweli?
*Dada, Makambako*

Tuanze na limao. Si kweli. Mafuta ya mwili hayayeyuki kwa kitu cha moto ulichomeza. Tumbo lenyewe lina joto la nyuzi 37 wakati wote. Mafuta hupungua mwili ukitumia nguvu zaidi ya unayoingiza. Mtu wa kilo 70 akitembea kilomita 5 anatumia kama kalori 250. Soda moja ya mililita 350 inarudisha zaidi ya nusu yake kwa dakika tano. Wanaopungua kwa limao ni wale walioacha chai yenye vijiko vinne vya sukari wakaweka hayo maji mahali pake, na kilichowasaidia ni sukari waliyoiacha.

Habari ya afya isome kwa kuitafutia mambo matatu. Nani kapimwa: watu au panya, wangapi, kwa muda gani? Tarehe: taarifa ya miaka sita iliyopita huzungushwa kwenye makundi ya simu kama ya jana. Tatu, hesabu. Chukua mfano wa kubuni: kati ya watu 1,000, wawili wanaugua ugonjwa fulani, kwa wanaokula chakula fulani wanaugua watatu. Kichwa cha habari kitapiga kelele "hatari yaongezeka kwa asilimia 50", na ni kweli, lakini aliyeongezeka ni mtu mmoja kati ya 1,000. Habari isiyokupa namba ya mwanzo haijakupa kitu. Na kabla ya kuisambaza kwa ndugu kumbuka kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inagusa taarifa za uongo zinazosambazwa kwa kompyuta na simu.

Kuhusu saa 1 na nusu: simu ilale chumba kingine, kengele ya kuamkia iwe ya saa ya mezani. Habari zihamishie kwenye redio. Stesheni nyingi husoma magazeti asubuhi, na dakika 30 za magazeti ni dakika 30 za kutembea. Kile kilichokugusa kisome kwa kirefu mchana, ukiwa umekaa, kwa dakika 20, maandishi badala ya video, na bando litakushukuru. Ukisoma, inua simu ifike usawa wa kidevu. Shingo iliyoinama saa moja na nusu kila asubuhi ndiyo inayoleta yale maumivu ya bega ambayo watu huyasingizia mto.

Mvua na baridi vikizidi nafanya pushapu chumbani, nimewasha jiko la mkaa ili misuli isikaze. Kuna ubaya?
*Kijana, Makete*

Litoe nje leo. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayefanya mazoezi anahema zaidi, kwa hiyo anaivuta haraka kuliko aliyekaa. Kichwa kuuma, kichefuchefu na miguu kulegea ukiwa chumbani humo si uchovu: toka nje, mtoe na mwenzako. Kujipasha, ruka kamba dakika 5 ukiwa na sweta, kisha livue. Uzito upo: dumu la lita 5 la maji ni kilo 5, ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Pushapu 10, kuchuchumaa na kusimama mara 15 ukiwa umekumbatia dumu, pumzika dakika moja, rudia mara 4.

Raba zikilowa kwa mvua nizianike wapi? Za kwanza nilizibandika jikoni zikaachia soli.
*Msomaji, Tukuyu*

Kwa Tukuyu hilo ni swali la kila wiki. Joto la jiko hulegeza gundi na kukakamaza povu, na jua kali la mchana hufanya hivyohivyo polepole. Legeza kamba zote, toa soli ya ndani, futa matope, kisha jaza karatasi za gazeti zilizofinyangwa mpaka ncha ya vidole. Baada ya saa moja zitoe zikiwa zimelowa, weka nyingine, na ukilala weka za mwisho. Zilaze kwa ubavu mahali penye upepo ili soli nayo ipumue. Karatasi za magazeti ya rangi ya kung'aa hazinyonyi maji. Tafuta yale ya karatasi ya kawaida, na kwa raba nyeupe weka kitambaa kwanza, wino huachia.